Pamba Iliyofichwa Ndani ya Viraka

Kila siku aliporudi kutoka shuleni, Candide alifanya kazi zake kwa utaratibu uleule. Aliteka maji, akafagia ua, akamenya mihogo ya jioni. Mama yake, Kankindi, alipotazama huku na huku asione la kulalamikia, ndipo Candide alipoingia ndani na kutoa kopo lake la biskuti. Halikuwa na biskuti hata moja. Lilikuwa na sindano, uzi uliozungushwa kwenye kijiti, na vipande vya vitambaa vya kila rangi.

Candide alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliishi na wazazi wake kijijini Kiringye, katika bonde la Ruzizi. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuunga viraka. Vipande alivipata kwa fundi Félicien, aliyeshonea kwenye baraza ya duka moja huko Luvungi. Siku za soko Candide aliinama chini ya mashine ya fundi na kuokota mabaki yote, hata yale madogo kama ukucha.

"Weye unafagia vizuri kupita mufagio wangu," fundi alimtania. "Chukua. Lakini uniachie miguu yangu, isije ikashonwa nayo."

Huo ulikuwa mwaka 1954. Mwezi wa tatu Candide alishona kitambaa cha kushikia chungu. Kilipinda upande mmoja, na baba yake, Donatien, alisema kwamba kitambaa hicho kimelewa. Mwezi wa nne alishona kifuniko cha kikapu, nacho kilikaa sawasawa. Mwezi wa tano alijaribu mto. Kwa kuwa hakuwa na kitu cha kujazia, alijaza majani makavu. Baba aliukalia mara moja tu, akaruka.

"Binti yangu," alisema huku akijipapasa, "huu muto wako iko na meno."

Wote walicheka, isipokuwa Candide. Alitaka kushona kitu laini, kitu ambacho mtu akikiegemea atafumba macho. Mwezi wa sita pamba ilipokomaa, kitu laini kilikuwa kimejaa shamba zima.

Hapa ni lazima tueleze jambo moja. Katika bonde la Ruzizi wakati ule wa utawala wa Wabelgiji, wanaume walilazimishwa kulima pamba. Hawakuulizwa kama wanapenda. Pamba yote ilipelekwa sokoni siku iliyopangwa, na hakuna aliyeruhusiwa kubakisha hata kikapu kimoja nyumbani. Baada ya soko, miti ya pamba iling'olewa na kuchomwa moto. Mtu aliyevunja amri hiyo alipelekwa buloko, yaani gerezani.

Candide aliijua buloko vizuri, ingawa hakuwahi kuiona. Alipokuwa na miaka saba, baba yake alishikwa na homa akachelewa kung'oa miti yake. Askari walikuja wakamchukua. Alikaa siku kumi na nne akiponda mawe ya barabara ya Uvira, na aliporudi miguu yake ilikuwa imevimba na alikuwa akikohoa. Kwa muda wa mwezi mzima hakumtania mtu yeyote. Tangu siku hiyo, Candide alipoona vumbi la gari barabarani, alikimbilia nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba Candide hakujua. Alijua. Lakini alipobeba kikapu cha pamba kutoka shambani hadi kwenye kichanja cha kuanikia, alichota konzi moja, mbegu zikiwamo, na kuificha ndani ya nguo yake. Alijiambia kwamba konzi moja si kikapu. Isitoshe, pamba hii baba yake ndiye aliyeilima. Tena ikishaingia ndani ya kitambaa na kushonwa, si pamba tena. Ni mto. Nani amewahi kufungwa kwa sababu ya mto?

Basi alichota konzi leo, na konzi kesho. Kwanza alijishonea mto wake mwenyewe. Kisha akamshonea rafiki yake Geneviève mwingine kama huo. Mwezi wa saba alishona mto wa kupigia magoti na kumpa katekista Bonaventure, kwa sababu mzee huyo alilalamika kila Jumapili kwamba sakafu ya kanisa inamla magoti. Mwezi wa nane alimshonea jirani yao Anne kigodoro cha kumlazia mtoto wake mchanga.

"Umejaza nini humu?" mama yake alimuuliza siku moja akibonyeza kile kigodoro.

"Sufi, mama," alijibu Candide. "Iko muti wa sufi kule misheni."

Uongo huo ulitoka kwa urahisi mno. Kankindi hakuuliza tena, na majirani walimsifu Candide mpaka akavimba kichwa.

Kulikuwa na kazi moja ambayo hakumwonyesha mtu. Mama yake alikuwa mjamzito, na mtoto alitarajiwa mwezi wa kumi. Candide alikuwa akimshonea blanketi ndogo, viraka themanini na vinne vilivyopangwa kwa rangi, na katikati amejaza pamba nyembamba iliyoshikizwa kwa mishono midogo ili isitembee. Kila jioni aliificha chini kabisa ya kapu la nguo kuukuu. Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kushona.

Mwezi wa tisa, siku ya Alhamisi, Geneviève alikuja mbio akihema.

"Umesikia ya kule Mutarule? Wamechukua muntu moja. Wamekuta pamba nyuma ya kitanda chake!"

"Pamba nyingi?" Candide aliuliza.

"Kidogo tu, inajaa kofia. Agronome, ule Muzungu wa kilimo, iko na chuma kirefu. Anatoboa ghala, anatoboa vitanda, anatoboa mpaka majani ya nyumba. Jumatatu atakuja huku kwetu."

Candide alishika sindano yake bila kushona. Inajaa kofia! Mto mmoja tu ulimeza zaidi ya hiyo.

Kesho yake moniteri wa kilimo, aliyeitwa Herménégilde, aliita watu wote mbele ya kanisa. Yeye alikuwa mtu mweusi kama wao, mwana wa bonde hilohilo, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu kulima pamba na kumwarifu agronome aliyetoka Uvira. Alinyanyua tunda la pamba lililooza, akalipasua kwa kidole. Ndani mlikuwa na funza mdogo, mwekundu kidogo.

"Munaona huyu?" alisema. "Munasema agronome anatutesa bure. Mambo mengine, minye sitaki kubishana. Lakini huyu funza si uongo. Anaingia ndani ya mbegu, analala miezi mingi. Mvua ikinyesha anaamka, anakuwa kipepeo, anaruka. Haulizi shamba ni la nani. Anakula ya mwenye kosa na ya asiye na kosa. Kesho Jumamosi, mbele jua halijaingia, kila pamba iliyobaki ichomwe pamoja na miti. Kisha hapo, minye sitaweza kumusaidia muntu."

Candide alirudi nyumbani haraka bila kumsubiri Geneviève. Aliuchukua mto wake akaupeleka mlangoni penye mwanga. Kwenye kiraka cha buluu palikuwa na tundu dogo ambalo sindano yake haikulitoboa. Alipobonyeza, funza alitoa kichwa.

Aliutupa mto chini. Akilini alimwona baba yake akiponda mawe kando ya barabara, na pembeni yake mume wa Anne, na baba wa Geneviève, na hata mzee Bonaventure na magoti yake mabovu. Wote wangepelekwa buloko kwa ajili ya zawadi walizopokea kwa asante. Wala wasingejua kosa lao ni nini.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa Anne. Alikuwa amefikiri la kusema njia nzima.

"Mama Anne, nipe kile kigodoro nikifue."

"Kufua cha nini?" alisema Anne. "Mutoto iko analala juu yake. Tena hakijachafuka."

"Nitakirudisha leoleo."

"Weye Candide, zawadi mutu anaitoa mara moja. Mwache mutoto alale."

Candide alisimama pale uani kama aliyesahau njia ya kwao. Jua lilikuwa tayari limepanda. Aliona kwamba akijaribu kuvichukua kwa ujanja vitu vyote kimoja kimoja, siku itaisha kabla hajamaliza. Basi alikimbia shambani, ambako baba yake alikuwa akikusanya miti ya pamba iliyong'olewa, tayari kuichoma.

"Baba," alisema, "ile haikuwa sufi."

Donatien hakuelewa mwanzoni. Alipoelewa, jembe lilimtoka mkononi. Hakumpiga wala hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Candide zaidi. Alikaa chini juu ya udongo, akakohoa, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Ngapi?"

Candide alifungua kinywa. Mto wake, wa Geneviève, wa katekista, kigodoro cha Anne. Na blanketi. Lakini blanketi ilikuwa na viraka themanini na vinne! Hakuna aliyeiona. Angeweza kuifumua mwenyewe kesho Jumapili, polepole, na kuitupa pamba chooni.

"Ine, baba," alisema akinyoosha vidole vinne.

Walikwenda nyumba kwa nyumba. Donatien alibaki nyuma na kumwacha binti yake aseme mwenyewe. Anne alipousikia ukweli, alimnyakua mtoto kwenye kigodoro kana kwamba kinaungua.

"Mana yanje! Mungu wangu!" alilia. "Ulitaka bwana yangu aende kuponda mawe? Na asubuhi uko unanidanganya na maneno ya kufua!"

Baba yake Geneviève aliuleta mto, na Geneviève mwenyewe hakumtazama rafiki yake. Katekista Bonaventure aliugeuza mto wake mara mbili.

"Kumbe minye nilikuwa napiga magoti juu ya buloko," alisema. Lakini hakucheka, na Candide alitamani ardhi ipasuke.

Jua lilikuwa limeanza kushuka walipofika kwenye rundo la miti ya pamba. Moniteri Herménégilde alikuwa pale na daftari lake. Alipoona mito na kigodoro, naye aliogopa.

"Donatien, weye unanitafutia nini?" alisema. "Agronome ataniuliza. Nikificha, na minye nitafungwa pamoja nanyi."

"Usifiche," alijibu Donatien. "Jua halijaingia. Ulisema kila pamba iliyobaki iletwe leo. Hii hapa, tumeileta wenyewe."

Moniteri alilitazama jua, akalitazama daftari, akawatazama majirani waliosimama nyuma.

"Sawa," alisema mwishoni. "Amri inasema mpaka leo, na leo haijaisha. Nitaandika kwamba pamba yote ya upande huu imechomwa. Lakini nataka kujua kitu kimoja. Ni hizi tu?"

"Ni hizi tu," alisema Donatien. "Mutoto amesema ine, na ine hizi hapa. Agronome akikuta ingine ndani ya nyumba yangu, minye mwenyewe nitamupa mikono yangu aifunge."

Herménégilde alilamba ncha ya kalamu akaanza kuandika. Candide alitazama ile kalamu ikitembea. Baba yake alikuwa ameapa mbele ya watu. Aliapa kwa neno alilopewa na binti yake, na moniteri sasa analiandika. Kesho ni Jumapili, na mama hukaa nyumbani siku nzima. Angefumulia wapi? Na je, kama kesho mama atalifungua lile kapu? Na kama funza wamekwisha kutoka?

Alimvuta baba yake mkono.

"Baba... iko ingine."

Kalamu ilisimama. Watu wote walimgeukia. Candide hakuweza kuutazama uso wa baba yake, lakini alimsikia akipumua.

"Wapi?"

"Ndani ya kapu la nguo za zamani. Ni blanketi. Ni ya mutoto wa mama."

"Kimbia uilete," alisema Donatien.

Candide alikimbia mpaka mbavu zikamchoma. Aliporudi, Kankindi alimfuata nyuma akitembea taratibu kwa sababu ya tumbo lake, bila kujua kumetokea nini. Blanketi ilipokunjuliwa, hata Anne aliyekuwa amekasirika alisogea karibu kuitazama. Ilikuwa nzuri mno. Kankindi aliigusa kwa ncha za vidole.

Moniteri alitoa wembe mfukoni. Alikata mishono ya upande mmoja, akakung'uta. Pamba ilianguka kwenye udongo, na kutoka kwenye pamba wakatoka funza watatu, wanne, watano. Mmoja alianza kutambaa kuelekea kwenye mguu wa Kankindi, naye akarudi nyuma upesi.

"Mmeona," alisema Herménégilde. "Mvua ya kwanza, hawa wangekuwa ndani ya mashamba yenu yote."

Alipasua na vile vingine vinne, akatupa pamba yote juu ya rundo na kuwasha moto. Vitambaa hakuvichoma. Alivirudisha mikononi mwa Candide.

"Uvichemshe leo, vyote," alisema. "Kitambaa hakina kosa."

Jumatatu gari la agronome lilifika kabla watu hawajanywa uji. Askari wawili waliingia katika kila nyumba. Kwa Donatien walitoboa ghala, wakatoboa kitanda, wakachokoa majani ya nyumba mpaka vumbi likajaa. Candide alisimama uani akiwa ameushika mkono wa mama yake. Agronome mwenyewe aliyashika maganda ya mito yaliyoanikwa kwenye kamba, akayabonyeza kwa vidole, akayaachia.

Kisha kutoka ndani Candide alisikia askari akiuliza, "Na hili kapu?" Chuma kiliingia ndani ya nguo kuukuu, kikapita moja kwa moja, kikagonga chini. Kikatoka, kikaingia tena. Candide alifumba macho.

"Hakuna kitu," alisema askari.

Gari liliondoka kuelekea Luvungi, na vumbi lake lilichukua muda mrefu kutulia. Hakuna mtu wa Kiringye aliyechukuliwa siku hiyo. Donatien alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango, akamwita Candide akae karibu naye.

"Sikukasirika kwa sababu ulipenda kitu laini," alisema. "Minye nimelima pamba miaka kumi, na sijailalia hata siku moja. Hiyo nami inaniuma. Lakini ulichukua kwa kificho, ukatupa hatari ndani ya nyumba za bantu wanaokupenda, na hawakujua. Umeona Anne alivyomunyakua mutoto wake. Usisahau."

"Ndiyo, baba."

"Tena kuna ile ingine. Ulipokuja shambani, nilifurahi kidogo ndani ya moyo. Nilisema, mutoto wangu iko na woga, lakini amekuja. Kumbe ulikuwa umeniletea nusu. Na minye nikaibeba ile nusu mbele ya moniteri kama ni yote. Nikaapa juu yake. Unajua kama ungenyamaza, leo tungekuwa wapi?"

"Najua, baba." Machozi yalimtoka. "Nilisikia chuma kikigonga chini ya kapu."

"Na minye nilikisikia." Donatien alimgeukia. "Siku ingine, ukikosea tena, na utakosea kwa sababu weye ni muntu, niletee yote. Yote mara moja. Minye ni baba yako, nitatafuta njia. Lakini ukinipa nusu, siwezi kukusaidia, na siwezi kujisaidia mimi mwenyewe."

Akaweka mkono wake juu ya kichwa cha binti yake ili kumtuliza. Candide aliusikia ukitetemeka, na ndipo alipojua kwamba baba yake naye alikuwa ameogopa muda wote huo.